Stesheni Haikujengwa Itetemia

Anayetaka kuielewa Reli ya Kati asianzie stesheni. Aanzie Itetemia, kilomita chache kusini-magharibi ya mji wa Tabora, mahali ambapo hakuna mataruma, hakuna filimbi, hakuna karani wa tiketi. Hapa ndipo palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, kwenye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za kutembea kutoka pwani, walipokelewa na wafanyabiashara Waarabu, lakini mwenye nchi alikuwa Fundikira, naye alikaa huku Itetemia, si kule walikofikia wageni. Kila mzigo uliopita ulimjua. Hongo ililipwa, salamu zikapelekwa, na msafara haukuondoka mpaka mambo ya ikulu yamalizike.

Leo ukishuka kwenye treni Tabora Mjini na kusema unakwenda Itetemia, wa bodaboda atakutazama mara moja, atataja bei, mtaondoka. Ni safari fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuidharau. Mimi naona historia nzima ya reli na meli za magharibi mwa Tanzania imo ndani ya safari hiyo fupi.

Nitaeleza. Husemwa kwamba reli ya Wajerumani ilifuata njia ya misafara. Ni kweli, ukiitazama ramani kwa mbali. Isogelee, utaona kwamba kila ilipokaribia mahali pakubwa pa zamani, ilipinda kidogo ikapaacha. Mwanzo wa njia ya misafara ulikuwa Bagamoyo. Reli ikaanzia Dar es Salaam. Katikati palikuwa Itetemia, Kwihara na Kazeh. Stesheni ikafuata boma la Wajerumani. Mwisho ulikuwa Ujiji; reli ikaishia Kigoma. Mara tatu, na kila mara tofauti haikuwa kubwa. Ujiji na Kigoma vimekaribiana hata leo ni mji mmoja kwenye makaratasi ya serikali. Lakini kwa chuma tofauti hiyo ndogo ni kama hukumu. Kilichokuwa kitovu kinakuwa kitongoji, na kilichokuwa kichaka kinapata bendera, hoteli na soko la jioni.

Mhandisi hana kosa. Bagamoyo ina maji machache na mchanga mrefu. Jahazi linaweza kukaa juu ya mchanga likingoja maji kujaa, meli ya moshi haiwezi. Dar es Salaam ina mlango mwembamba na maji yenye kina ndani yake. Ujiji nako ufuko haukufaa kwa gati, na ghuba ya Kigoma ilikuwa tayari, imekingika dhidi ya upepo. Tabora peke yake ndiyo haikuamuliwa na maji. Iliamuliwa na baruti.

Mtemi Isike aliwazuia Wajerumani kwa miaka kadhaa. Januari 1893 majeshi ya Tom von Prince yalipoivunja ngome yake, Isike aliona heri kuiwasha ghala ya baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Wajerumani wakamweka Bibi Nyaso kwenye kiti, na mamlaka yenyewe yakahamia bomani. Miaka 19 baadaye, reli ilipofika, haikuwa na sababu ya kwenda kumsalimia mtemi.

Ila mtu wa Tabora asijione yatima peke yake. Mama wa njia hii alikuwa mji wa kisiwa, Unguja, naye alipatwa na yaleyale. Bagamoyo ilikuwa gati tu la upande wa pili. Fedha zilikuwa Mji Mkongwe: kwa matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, waliokopesha nguo, shanga na waya wa shaba kwa ahadi ya pembe zitakazorudi baada ya mwaka, miwili, au zisirudi kabisa. Mtu aliyekaa kwenye baraza Shangani aliweza kuijua bei ya pembe Unyanyembe bila kuukanyaga mwamba mmoja wa Ugogo. Jahazi lilivuka mkondo, msafara ukachukua hapo. Kivuko na njia vilikuwa kitu kimoja.

Na kisiwa hicho, ajabu yake, kilipata reli kabla ya bara letu. Sultani Barghash alijengewa reli nyembamba mwaka 1879, kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, mwendo wa maili saba hivi. Ilikuwa starehe ya mfalme. Alipofariki 1888 nayo ikafuata. Mwaka 1905 ikatandikwa nyingine hadi Bububu, safari hii ya abiria wa kawaida, nayo mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha, imeshindwa na magari ya barabarani. Mwaka uleule wa 1905, ng'ambo ya mkondo, Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam kuelekea bara. Sijui kama kuna aliyesimama Forodhani akayaona mambo hayo mawili kwa pamoja: reli ya kisiwa inayozunguka mashamba ya karafuu na kurudi nyumbani, na reli ya bara inayokwenda kuchota bidhaa ambazo kwa miaka mingi zilivuka kwa jahazi kuja Unguja. Ile ya pili ndiyo iliyokinyang'anya kisiwa bara lake.

Kabla ya hayo yote mzigo ulikuwa begani. Hapa sina budi kukaa kidogo, maana vitabu vya reli hupita haraka kuwahi injini. Mnyamwezi mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na kitu, mbali na chakula, mkeka na sufuria yake. Pembe kubwa ilibebwa na mtu peke yake, naye alijivunia, akatanguliwa na wengine kwa heshima. Mbele alitembea kirangozi, mwenye kujua maji yako wapi. Kutoka pwani hadi Unyanyembe ilikuwa miezi mitatu kama mvua na Wagogo wakikaa vizuri. Wengi walikwenda kwa ujira na kwa hiari, wakapanga safari zao kufuatana na kilimo, na kijana ambaye hajaiona bahari alikuwa na shida ya kuposa. Lakini katika njia hiyohiyo walipita pia watu wasio na hiari, wamefungwa minyororo, na wengine wao pia walibebeshwa. Sipendi masimulizi yanayowachanganya hawa wawili, wala yanayomtaja mmoja ili kumsahau mwenzake. Shirika la UNESCO lina njia hii kwenye orodha yake ya majaribio tangu 2006, kwa jina la njia ya kati ya watumwa na pembe, na Kwihara imetajwa humo.

Kwihara ina tembe ambalo sasa ni makumbusho, na wageni hupelekwa pale kuonyeshwa alikolala David Livingstone. Kilicho muhimu kwangu si kulala bali kungoja. Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi 1872 kurudi pwani, akiwa ameahidi kuleta wapagazi. Livingstone akabaki. Machi ikapita, Aprili, masika yakaisha, kipupwe kikaingia, naye yupo tu, daktari, mtu maarufu kuliko wote katika njia ile, hawezi kwenda popote. Wapagazi walipofika, akaondoka tarehe 25 Agosti. Mwaka uliofuata akarudishwa hapohapo akiwa maiti, mabegani mwa watumishi wake Chuma, Susi na wenzao, njiani kwenda Bagamoyo.

Hata meli zilipanda mabegani. Stanley alipoanza safari yake ya 1874 alikuwa na mashua yake, Lady Alice, imekatwa vipande ili ibebeke. Chama cha Wamisionari cha London kilimtuma baharia wake, Edward Hore, alete mashua ya chuma iitwayo Morning Star kutoka pwani hadi Tanganyika. Ikaja kwa vipande juu ya mikokoteni iliyovutwa na watu, kwa sababu ng'ombe asingeuvuka ukanda wa mbung'o akabaki hai. Walitoka pwani 1882, wakafika ziwani mwanzoni mwa 1883. Hebu fikiria mwanamke anayepalilia mtama wake katika nchi ya Unyamwezi akiinua kichwa na kuona chombo cha baharini kinapita shambani, kinasukumwa, kinalia magurudumu, na ziwa la karibu liko mwendo wa wiki kadhaa. Kabla reli haijakutana na meli, meli ilikuwa mzigo wa mtu.

Kilichowafanya Wajerumani waharakishe ni kisiwa kingine. Waingereza walianza reli yao Mombasa mwaka 1896, wakaufunga mji wa kisiwa na bara kwa daraja pale Makupa, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Victoria, mahali tunapopaita Kisumu. Meli za moshi zikaanza kuzunguka ziwa na kuchota. Ngozi, mpunga na pembe za Mwanza, na hata mzigo wa Unyamwezi, vikaona njia rahisi kuliko ya kusini: kupanda hadi Mwanza, kuvuka ziwa, kuteremka kwa reli ya Mwingereza mpaka Mombasa. Ramani ilisema ni koloni la Kijerumani, lakini mzigo husoma bei.

Ndipo reli ikasukumwa: Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma Februari 1914. Kilomita zaidi ya 1,250, upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Nani aliyetandika? Pamoja na wengine, Wanyamwezi. Mabega yaliyokuwa yakibeba pembe yalibeba mataruma, na kila taruma lililowekwa liliifupisha kazi ya upagazi kwa hatua moja. Walilipwa kuumaliza utaalamu wao wenyewe. Sidhani walikuwa hawaoni. Mtu aliyetembea mara kadhaa hadi pwani anajua vizuri zaidi ya mhandisi maana ya kufika kule kwa siku mbili. Nadhani waliona, wakahesabu, wakachukua ujira, na waliporudi nyumbani walikuta mtemi ana sauti ndogo na kodi ina sauti kubwa.

Mzigo maarufu kuliko yote uliopita Tabora kwa reli hiyo ulikuwa meli tena. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa msumari kwa msumari, ikapakiwa katika masanduku yapata 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa bara. Ikaungwa Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915, katikati ya vita. Hazikupita miezi 18 kabla wenyewe hawajaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, Julai 1916, wakiyakimbia majeshi ya Wabelgiji. Lakini waliozamisha walikuwa mafundi. Injini zilipakwa grisi nene kwanza, kama mtu anayezika akiba. Waingereza waliiibua 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe upande wa kusini.

Kwa miongo mingi ikashuka hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati. Aliyeipanda anajua purukushani ile: honi inalia usiku, taa zinawashwa, mitumbwi inajazana ubavuni, dagaa, mananasi, mtoto, mgonjwa, magodoro vinapandishwa kwa mikono, na mwanamke mmoja lazima atakuwa anagombana na mtu juu ya nauli. Chuma kinakomea kwenye maji yenye kina, na kutoka hapo hadi ufukoni ni kazi ya mkono na kasia. Miaka ya karibuni meli ilitoka kazini ikingoja matengenezo makubwa, na vijiji vile vikarudi kwenye maboti ya mbao yenye injini, ambayo kila msimu wa upepo huwafanya watu wa mwambao walale macho.

Nirudi Tabora, maana kuna kisa ambacho wenyeji hawajakitumia vya kutosha. Mwaka 1916, serikali ya Kijerumani ikiwa imehamia Tabora na sarafu zikiwa haba, mafundi walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja ulikuwa na tembo, nyuma yake mlima. Karakana iliyojengwa kukarabati mabehewa ikawa nyumba ya fedha. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia mjini, na leo sarafu hizo ziko kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, Ulaya na Marekani. Ukitaka kuiona moja Tabora, utasumbuka.

Waingereza walipoichukua nchi, waliendeleza ugomvi ule wa mzigo wa ziwa, japokuwa sasa pande zote mbili zilikuwa zao. Reli ikakatwa kutoka Tabora kwenda kaskazini, ikafika Mwanza 1928, ili pamba ya Usukuma iteremke Dar es Salaam badala ya kuzunguka Kisumu na Mombasa. Baadaye, miaka ya 1960, ikaja MV Umoja, kivuko chenye reli juu ya sitaha: behewa linaingia Mwanza na kutoka Port Bell, Uganda, bila gunia moja kuguswa. Nimeona watu wazima wakisimama kulitazama behewa linavyomezwa na meli, vinywa wazi kama watoto. Ziwa hilihili lina pia kilio chake, kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, nalo halisimuliwi kwa kupita njia.

Basi Tabora ikawa njiapanda kati ya maji mawili. Kutoka hapa chuma kinaelekea Kigoma na kukuta meli. Kinaelekea Mwanza na kukuta meli. Treni iliyotoka Dar es Salaam hukatwa hapa, haya mabehewa ya Mwanza, haya ya Kigoma, haya ya Mpanda, na aliyelala fofofo bila kuuliza amewahi kuamkia mkoa asioutaka. Kazi hii ya kukata na kuunga huchukua muda. Ndiyo maana Tabora imejua kuuza kwa watu wanaongoja: asali kwenye chupa zilizokuwa na kitu kingine, karanga, maembe ya miti ambayo mababu wa biashara ya pembe waliipanda kando ya njia. Januari 1958 TANU ilipokutana hapa na Nyerere akawashawishi wajumbe wakubali uchaguzi wa kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu, hawakuchagua mahali pa ajabu. Palikuwa mahali ambapo nchi ilizoea kukutana ikibadilisha njia. Nyerere mwenyewe alisoma hapa, akafundisha hapa.

Itetemia iliyatazama hayo kutoka pembeni. Chifu Abdallah Fundikira alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza ya uhuru, akajiuzulu 1963, mwaka uleule uchifu ulipofutwa kisheria. Reli ilikuwa imeichukua njia. Sheria ikachukua kiti. Lakini nakataa kuiona Itetemia kama kaburi. Watu wanalima, watoto wanakwenda shule, msiba ukitokea mji mzima unahamia huko.

Sasa reli ya kisasa inakuja, ya upana wa mita 1.435. Dar es Salaam hadi Dodoma abiria wanasafiri tangu 2024. Kutoka Makutupora kuja Tabora, kutoka Tabora kwenda Isaka na Mwanza, na kutoka Tabora kwenda Kigoma, kilomita 506, mikataba ilishasainiwa na tuta linatandikwa. Tabora itakuwa njiapanda tena, ya umeme. Na chuma kipya kina tabia ya babu yake. Mombasa, mji wa kisiwa uliokuzwa na reli, treni mpya ya 2017 haikuvuka kuingia kisiwani. Iliishia Miritini, bara, na stesheni ya zamani ikabaki na ua wake mpana. Morogoro abiria hushushwa Kihonda, nje kabisa ya mji waliouzoea. Sababu zinaeleweka: kona kali haziruhusiwi kwa mwendo ule, ardhi ya mjini ni ghali, fidia ina kesi. Zinaeleweka kama zilivyoeleweka za Bagamoyo na Ujiji.

Kwa hiyo mipango ya Tabora inayojadili majengo na kasi ya treni ingefaa iongeze ukurasa mmoja kuhusu mtu anayeshuka saa nane usiku na ndoo mbili za asali, akiwa na mgonjwa, anakwenda Itetemia au Kwihara au Ipuli. Pale Miritini jibu lake ni matatu. Pale Kihonda ni bajaji na bodaboda, vijana waliofika kabla lami haijakauka, wakajipangia zamu, wakachagua mwenyekiti, wakaweka bei ya mchana na bei ya usiku. Hakuna mkandarasi aliyewachora kwenye ramani. Tabora vijana hao wapo tayari, kijiweni nje ya stesheni ya zamani, na nilipowauliza kama watahamia stesheni mpya, mmoja alicheka akaniuliza mzigo wangu una kilo ngapi.